Kamati ya Mtu Mmoja

Mlango wa basi la Flemingdon Park ulikataa kufungika, na kosa lilikuwa la mabango ya kampeni yaliyobebwa na dada mmoja mwenye koti jekundu na hereni ndogo za dhahabu. Ilikuwa jioni ya Septemba 1997, na stesheni ya Eglinton, huko ughaibuni, ilifurika watu wenye haraka zao. Cyriaque, Mrundi aliyefanya kazi kiwanda cha magodoro, aliyapokea mabango bila kuombwa. Akashuka nayo vituo vitatu baada ya kituo chake.

Dada yule aliitwa Assunta, Mgoa wa Nairobi, mkazi wa Pickering, mji wa jirani, na alikuwa mhazini wa mama mmoja aliyegombea udiwani. Kufikia Oktoba walikuwa wakipigiana simu kila siku, Assunta akikicheka Kiswahili cha Bujumbura, Cyriaque akimwambia kwamba cha Nairobi ni cha kugombania bei. Mapenzi ni kikohozi. Kwaya nzima ya kanisani kwa Cyriaque ilikwishajua.

Siku moja Assunta alilalamika kwamba maghorofani Flemingdon hakuna anayemjua mgombea wake. Cyriaque akaomba picha ya mama yule, akapewa bila kuulizwa ya nini. Wiki haikuisha, kila lifti ikawa na karatasi ya rangi ya kumpigia debe, na chini yake: Kamati ya Marafiki wa Flemingdon. Mshahara wake wa wiki mbili uliishia hapo, naye alitembea akitabasamu kama mtu aliyetoka kuposa.

Assunta alimpigia simu kazini.

"Hiyo kamati, mwenyekiti wake ni nani?"

"Ni mie."

"Katibu?"

"Ni mie pia."

"Na wanachama?"

"Nilikuwa nakungojea wewe, chérie wangu."

Assunta hakucheka. Alimweleza kwamba sheria haijui zawadi: karatasi zile ni mchango, na picha aliitoa yeye, mhazini, kwa hiyo kampeni haiwezi kusema haikujua. Mchango mkubwa namna ile lazima utajwe kwa jina na anwani ya aliyetoa, kwenye ripoti ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kamati isiyokuwapo haitajwi.

"Yaani utanitia kwenye liste, orodha hiyo?"

"Lazima, Cyriaque."

Cyriaque akakata simu. Msimwone mwoga. Kwao, kaka yake alichangia chama akaandikwa, na orodha ile ilipobadili mikono, waliokuja mlangoni kumchukua walikuja nayo. Ndiyo maana hata kwa mpiga chapa aliona heri kubuni kamati. Sasa kalamu ilikuwa mkononi mwa mwanamke anayempenda, naye akachanganyikiwa kabisa. Anampenda, au anamchongea? Kama anampenda, mbona asifumbe jicho moja? Na kama hampendi, mbona simu inalia kila Jumapili baada ya misa? Aliiacha ilie, kisha akakaa kando yake saa nzima akingoja ilie tena.

Mama yule alishinda. Theluji ikaanguka, ikaanza kuyeyuka. Mwishoni mwa Machi, siku mbili kabla ya ripoti kupelekwa, Cyriaque aliipokea simu.

"Kuja ofisini uone kwa macho yako," Assunta alimwambia. "Ukishaona, ukitaka kuniacha, niache."

Alikwenda. Alimkuta amekonda ndani ya sweta ya kijivu. Assunta akamsogezea orodha. Majina yalikuwa arobaini, kila moja na anwani yake. La tatu lilikuwa la Assunta mwenyewe, na namba ya nyumba ya Pickering.

"Wewe pia?"

"Kila uchaguzi. Nikikuacha nje nitakuwa nimeapa uongo, na siwezi. Lakini sikutaka kukuandika nyuma ya mgongo wako."

"Na wenye kusoma, hawaji mlangoni?"

"Wanakuja. Wanaomba mchango mwingine."

Cyriaque alitaka kucheka. Nchi hii bado hakuielewa. Alichokielewa ni kwamba ameishi miezi mitano bila sauti hii, na wa sita hauwezi.

"Andika langu chini ya lako."

Assunta akaandika polepole, kisha akauliza anwani.

"Kwa sasa weka ya Flemingdon," Cyriaque alisema. "Pasaka ikishapita, kama utanikubali, utawaambia nimehamia Pickering."

Assunta aliiweka kalamu chini. Alilia kwanza, kisha akamwambia aje Jumapili kuposa, babake atakuwa nyumbani.