Uelewa wa Bi Zamda

Kielewesho kilishuka taratibu, kikamfunika Mzee Chilongola kichwa mpaka kwenye nyusi. Kilikuwa kofia nyepesi iliyopeleka maelezo moja kwa moja kwenye ubongo, bila mtu kusoma wala kusikiliza. Kabla chai yake haijapoa, mzee alikuwa ameuelewa utafiti mzima wa dawa ya kuondoa usingizi.

"Shikamoo, mzee," alisema Dokta Mbazi Kileo. Kazi yake katika kituo kile cha Dodoma ilikuwa kuhakikisha kila mshiriki ameelewa kabla ya kupewa dawa.

"Marahaba."

"Hebu nieleze kwa maneno yako. Dawa hii inaweza kukudhuru vipi?"

"Usingizi unaweza kunitoka moja kwa moja, mwanangu wee, nikabaki macho mpaka kufa." Akashika ndewe ya sikio lake, ambalo halikuwahi kutobolewa, akaizungusha kama anayekaza hereni.

Dereva kijana ambaye Mbazi alimhoji asubuhi alijibu hivyohivyo, neno kwa neno, naye akazungusha ndewe. Hata yeye alimwita "mwanangu wee", ilhali Mbazi angeweza kumzaa.

Akamfuata fundi wa mtambo, Lusajo.

"Uelewa huu mmeutoa kwa nani?"

"Kwa mshiriki wa kwanza, Bi Zamda. Alijibu maswali yote bila kukosea, tukanakili uelewa wake, tukakata kipande cha mwisho. Tunawapa wengine."

"Anaendeleaje na dawa?"

Lusajo aligeukia mitambo yake. "Huyo hakuendelea, Dokta."

Jioni Mbazi alimkuta Bi Zamda barazani kwake, anachambua mchicha. Hereni zilimning'inia masikioni.

"Mama, ulielewa yale uliyoelezwa?"

"Nilielewa sana, mwanangu wee. Ndiyo maana nilikataa. Nilikataa palepale, kofia ikiwa bado kichwani. Kwani hawakukwambia?"

Kesho yake Mbazi aliingia kituoni akikimbia. Mzee Chilongola alikuwa amelazwa kitandani, mkono wa roboti umeshainua sindano. Mbazi aliusukuma kando, akauzima.

"Mzee, sikuulizi umeelewa nini. Nakuuliza, unaitaka dawa hii?"

Mzee alifungua kinywa. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Macho yake yakahangaika kama ya mtu anayepapasa ukuta mahali palipokuwa na mlango.

"Kuna neno nilitaka kusema," alinong'ona. "Mmeliweka wapi?"