Kiapo cha Benaco

Siku ile Shamimu alipoapa uongo hakuwa na nia mbaya. Aliropoka tu, kama watu wanavyoropoka sokoni, na hakudhani kwamba neno lake litaandikwa popote.

Soko la Benaco mwaka wa tisini na tano halikuwa soko la kawaida. Mahali ambapo zamani palikuwa na pori na malori machache ya kwenda Rusumo, sasa palijaa watu kuliko mji wowote wa Kagera: wakimbizi wa Rwanda na mahema yao ya plastiki ya buluu hadi macho yanapochoka, wenyeji wenye ndizi na mihogo, madereva, wazungu wenye redio viunoni. Vumbi jekundu liliamka na watu na kulala na watu. Shamimu binti Abbasi alikuwa na meza yake ya khanga na sabuni, mali ya duka la baba yake la Ngara mjini. Alivaa gauni la maua madogo na mtandio wa zambarau ambao kila jioni ulirudi nyumbani na rangi ya matofali.

Kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka alikuwa akivutana naye bei ya khanga ya kumpelekea mama yake, ndipo askari akamshika mkono. Asubuhi hiyo polisi walikuwa wakisaka wakimbizi wanaozurura nje ya kambi bila kibali. Kijana akasema yeye ni Mtanzania, mkalimani wa shirika moja la misaada, kitambulisho amekiacha garini. Askari akaisikia lafudhi yake ya mpakani, akacheka, akaanza kumvuta.

"Huyu ni kaka yangu," Shamimu akasema.

Askari akamtazama binti huyu wa watu wa pwani, kisha akamtazama kijana. "Kaka yako? Hebu apa."

"Wallahi, kaka yangu. Mwachie, mama anamsubiri nyumbani."

Akaachiwa. Alipomaliza kunyoosha mkono wa shati lake, akauliza kama dada yake sasa atampunguzia bei. Shamimu akamwambia undugu ni undugu na biashara ni biashara. Kijana alicheka mpaka akasahau khanga mezani, akaondoka bila kuinunua. Jina lake lilikuwa Ndizeye, mtoto wa Evaristi, mkulima wa Murusagamba.

Mapenzi yao yalianzia hapo, kwa mzaha, na mzaha ni mlango usiokuwa na bawabu. Dukani kwa Mzee Abbasi kulikuwa na simu, moja ya chache mjini. Ndizeye alipiga kutoka ofisini kwake. Akipokea mzee, kijana aliuliza kwa heshima bei ya sabuni ya mche. Akipokea Shamimu, sauti ilibadilika.

"Hujambo, dada wa uongo?"

"Sijambo, kaka wa uongo. Sabuni imekwisha."

"Nani kauliza sabuni? Mimi namuulizia mwenye sabuni."

Kabla ya mvua za vuli walikwisha kuahidiana. Ndizeye alikuwa tayari kusilimu, ingawa mama yake Leonsia alisali rozari kila jioni na hakuwa ameambiwa. Alijifunza Al-Hamdu kwa dereva mmoja wa shirika, akawa anaikariri sokoni huku akikwama katikati, na Shamimu akimsahihisha kwa kumpiga kofi la bega. Wazazi wa Shamimu nao hawakujua lolote. Wapenzi hawa walikuwa wanangoja uchaguzi upite, watu watulie, ndipo waseme.

Uchaguzi ulipita, lakini watu hawakutulia. Ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi, na watu walivishika vyama kama mtoto anavyoshika kisu. Mji uligawanyika. Waliokuwa wa chama cha zamani walikunywa chai upande mmoja wa barabara, wa chama kipya upande wa pili, na kulikuwa na wanaume waliotembea mwendo mrefu kutafuta chumvi ili wasiinunue kwa mpinzani. Barazani kwa Mzee Abbasi, mwana wa chama cha zamani damudamu, ugomvi ulianza redio ilipofunguliwa na haukuisha redio ilipozimwa. Huko Murusagamba, Evaristi alishinda udiwani kwa chama kipya. Aliyeshindwa akafungua kesi ya kupinga uchaguzi. Hoja yake ilikuwa moja: Evaristi si raia, ni mkimbizi wa Burundi aliyevuka mpaka mwaka wa sabini na mbili na wenziwe.

Kesi ilisikilizwa Ngara mwaka uliofuata. Shahidi mkubwa alikuwa Ndassa, aliyewahi kuwa katibu kata kule Murusagamba, mtu wa suti ya kaunda na miwani mizito. Aliinua Biblia, akaapa, akasema kwa macho yake alimpokea Evaristi akivuka na mkewe na godoro kichwani. Kila mzee wa Murusagamba alijua huo ni uongo mtupu, kwamba migomba ya Evaristi ilipandwa na baba yake Evaristi. Lakini nani angesimama? Kila mwenye lafudhi ya mpakani aliogopa kuulizwa asili yake mwenyewe. Kama Evaristi angeshindwa kesi, hangepoteza udiwani tu. Angepakiwa lorini na mkewe, avushwe mpaka, aachwe katika nchi asiyoijua, yenye vita.

Jioni ile Ndizeye alipiga simu bila kuuliza sabuni. Alisimulia yote, na Shamimu, badala ya kumpa pole, akafanya kosa ambalo alilijutia maisha yake yote. Alisema mtu mzima ameshika Biblia, huenda lipo jambo, na mtoto hawezi kujua yaliyotokea kabla hajapata akili.

Ndizeye akasema, "Baba yako alikaa mstari wa mbele, akitabasamu."

"Mimi si baba yangu, Ndizeye."

"Wewe ni wa watu wako na mimi ni wa watu wangu. Nao wangu watapakiwa kwenye lori."

Hakupiga tena. Shamimu alimpelekea salamu mara kadhaa kwa madereva, salamu zikarudi kama zilivyokwenda. Akakonda. Barazani alimsikia kijana mmoja akimuuliza mzee kama kweli Ndassa alisema ukweli. Mzee Abbasi akajibu kwamba Ndassa ni mtu wetu, na hilo linatosha.

Mama yake, Mwanaharusi, alimkuta siku moja uani akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Akaketi karibu naye, akauondoa ungo mapajani pake, akamuuliza ni mwanamume gani. Shamimu akasema yote, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuficha.

"Mtoto wa Evaristi yupi?"

"Wa Murusagamba. Huyu wa kesi. Mama yake anaitwa Leonsia."

Mwanaharusi aliuweka ungo chini. Kisha akaanza kuzungumza taratibu, kama mtu anayefungua sanduku lenye kutu. Kabla ya kuhamia mjini walikuwa na duka Murusagamba. Alipomzaa Shamimu aliugua, maziwa yakakauka, na mtoto akawa analia sauti isiyotoka. Jirani yao, mke wa mkulima, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wakati uleule. Akaja bila kuitwa, akamchukua Shamimu. Mtoto wake alimweka kulia, huyu akamweka kushoto. Abbasi aliona aibu kwamba binti wa waungwana amelelewa na mke wa mkulima, akakataza jambo hilo lisitajwe kamwe. Walipohamia mjini, likazikwa.

"Ilikuwa sabini na moja," mama akasema. "Kabla ya wakimbizi wale. Nimelala chini ya migomba ya Leonsia, na ilikuwa migomba mizee. Ndassa ameapa uongo, na baba yako anajua."

Furaha ilimpanda Shamimu kooni. Mzee Evaristi amepona! Alikuwa amekwisha kusimama, akitafuta viatu, alipouona uso wa mama yake, akakumbuka chuo cha Kurani, akamkumbuka mwalimu na bakora yake, na somo la wasiooana. Walionyonya ziwa moja ni ndugu. Kunyonya mara tano kushiba kunatosha kuwafanya haramu wao kwa wao, sawasawa na waliotoka tumbo moja.

"Mara ngapi, mama?"

"Sikuhesabu, mwanangu. Tangu kupanda maharage hadi kuvuna."

Shamimu alipiga magoti, akashika khanga ya mama yake. "Sema mara mbili. Ukiwa pale mbele ya hakimu, sema alininyonyesha mara mbili, basi. Itatosha kumwokoa mzee, na mimi nitampata."

Mwanaharusi alimfuta machozi kwa kiganja. "Nikishika msahafu nikasema hivyo, mimi na Ndassa tuna tofauti gani? Lakini wewe ni wa tumbo langu. Siku hiyo nitakutazama, nami nitasema utakalo wewe."

Asubuhi Shamimu alikwenda mwenyewe kwa wakili Anastazi, mtu wa Bukoba aliyekuwa akimtetea Evaristi na aliyekwisha kukata tamaa. Akamwambia ana shahidi. Hakumweleza bei ya ushahidi huo.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa hadi madirishani, chama hiki kushoto, chama kile kulia, kana kwamba ni harusi ya watu wasiopendana. Mwanaharusi alipoitwa, Mzee Abbasi aligeuka nusu, kofia yake ya kushonwa kwa mkono ikamwanguka, asiiokote. Mama alisimama katika buibui lake jeusi, akaapa, akasimulia kwa sauti ndogo iliyosikika hadi nje. Wakili wa upande wa pili akainuka akitabasamu.

"Mama, mkimbizi anayepita njia aweza kumhurumia mtoto, akamnyonyesha mara moja, mara mbili, kisha akaendelea na safari yake. Huyo mwanamke alimnyonyesha mwanao mara ngapi?"

Mwanaharusi alimtazama binti yake.

Shamimu hakumtazama mama. Alimtazama Ndizeye, aliyekaa kati ya wazazi wake, shati lake jeupe halijapigwa pasi. Alimpenda kwa mapenzi yaliyomuuma mifupa. Kando yake Mzee Evaristi aliipakata kofia yake kwa mikono miwili, udongo wa Murusagamba ungali kwenye kucha. Mara mbili zingetosha, pengine. Pengine zisingetosha, na hakimu angeona ni mpita njia kweli. Shamimu akainamisha kichwa mara moja, kumruhusu mama yake aseme kweli.

"Tangu maharage yapandwe mpaka yavunwe," Mwanaharusi akasema. "Mchana na usiku. Mwanangu hakujua ziwa jingine."

Kesi ilitupwa. Jioni ile, upande mmoja wa barabara walisema Mwanaharusi amehongwa. Upande wa pili walisema ni shujaa wa chama, yeye ambaye hakuwahi kushika kadi ya chama chochote. Ndassa hakuguswa na mtu, aliendelea kunywa chai yake mahali palepale. Mzee Abbasi hakusema na mkewe mwezi mzima, ingawa chakula chake alikila. Hakuna aliyemuuliza Shamimu habari.

Lakini mchana ule, watu wakingali wakipiga vigelegele uwanjani mwa mahakama, Ndizeye alimkimbilia. Aliomba msamaha, akajiita mjinga, akasema maneno mengi mazuri aliyoyakusanya siku zote za kununa. "Sasa hakuna kizuizi kati yetu, mpenzi. Nitamwambia mama leo hii."

Shamimu akamwambia ilivyo. Alimwambia kwa maneno machache, maana mengi yasingetoka.

"Maziwa, Shamimu? Ya zamani vile?"

"Ndiyo."

"Mimi ni Mkristo bado. Kwetu si kosa. Twende Runazi, kuna shangazi yangu Bonifasia. Nani atajua kule?"

"Nitajua mimi. Kila nikikushika nitajua."

Ndizeye alitaka kujibu, lakini Leonsia alikuwa amewafikia, mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa chini ya kwapa. Hakumwangalia mwanawe. Alimshika Shamimu mashavu kwa mikono yote miwili, akayapapasa kama mtu anayetafuta alama aliyoiacha mwenyewe.

"Mwana wanje," akasema, mtoto wangu. "Umekua."

"Shikamoo, mama," Shamimu akasema, na ndipo alipolia. Ndizeye alisimama akiwatazama wote wawili. Hakusema neno la Runazi tena.

Alikwenda Runazi peke yake, akapata kazi ya ualimu. Mwezi wa kumi na mbili wakimbizi walianza kurudishwa Rwanda. Barabara ilijaa watu na mafurushi na sufuria, mvua ikiwanyeshea, na Benaco ikabaki fito na matambara. Shamimu alikuwa akifunga mzigo wake kwa mara ya mwisho alipomwona Ndizeye anakuja, akienda nyumbani kusalimia, mwembamba, begani ana mfuko. Askari mmoja kijana alimwona pia, akamnyooshea fimbo, akamwamuru aingie mstarini na wenzake.

"Huyu ni kaka yangu," Shamimu akasema.

Askari akawatazama. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuambiwa aape. Askari akaendelea na mstari wake, nao wakabaki wamesimama na meza tupu katikati yao. Ndizeye alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Asante, dada," akasema, na safari hii hapakuwa na mzaha ndani yake.

Shamimu akainama kwenye mzigo, akatoa ile khanga waliyovutana bei siku ya kwanza, ambayo hakuwahi kumuuzia mtu mwingine.

"Mpelekee mama," akamwambia.

Ndizeye aliikunja, akaitia kwapani chini ya shati isilowe, akaenda kutafuta gari.