Nyota Tano za Jino la Kiboko

Unga mweupe wa jino uliokuwa ukidondoka kutoka kwenye tupa ulianza kuwa mwekundu. Mniko akadhani amejikata. Akakagua vidole vyote. Havikuwa na hata mchubuko. Akapangusa meza, akaendelea.

Alikuwa fundi wa magitaa pale Kitaji. Kazi hii ilikuwa ya shemeji yake Prosper, mpiga gitaa wa kwaya huko Buhare, aliyetaka nyota tano nyeupe kwenye shingo ya gitaa lake, pale vidole vinapokanyaga nyuzi. Mniko alichonga vishimo kwa patasi, akapachika nyota kwa gundi, akapiga msasa mpaka kidole kikipita hakisikii kitu. Mkewe Wankyo, dada yake Prosper, akaingia na chai, akakunja pua.

"Mbona humu kunanuka kama machinjioni?"

"Ni gundi."

Hakumwambia kwamba nyota zile amezikata kwenye bangili ya jino la kiboko, wala kwamba bangili yenyewe aliikuta Butiama alipokuwa anachimba msingi wa nyumba, ikiwa bado imevaliwa kwenye mfupa wa mkono wa mtu. Aliikata kwa msumeno ili itoke, akafukia mfupa.

Jumamosi mchana Prosper akaja kulichukua. Akakaa kwenye stuli, akapiga kidogo, akacheka kwa furaha.

"Shemeji, umeua!"

Akapiga tena, haraka, kisha haraka zaidi, na kicheko kikamkatika, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umegandia kwenye zile nyota na nyuzi zilikuwa zinaingia kwenye nyama ya vidole, zinazama, zinafika mfupani, na bado vidole vinaruka kutoka nyota hadi nyota huku damu inamwagika mapajani.

"Nitoe! Shemeji, nitoe!"

Wankyo alimrukia kaka yake amnyang'anye gitaa. Kitu ambacho hakuna aliyekiona kikampiga kifuani, kikamtupa ukutani. Mniko akashika koleo, akakata nyuzi zote, mmoja ukamchapa na kumpasua shavu, lakini gitaa lisilo na uzi likazidi kulia, na Prosper akasimama macho yamegeuka meupe, akamkaba Mniko koo kwa ule mkono uliochanika, akamnyanyua mpaka miguu ikaacha sakafu, na sauti nzito ya mzee ikatoka kinywani mwake: "Nani amenifungua?"

Wankyo akaokota mchi. Huku analia, akampiga kaka yake kwenye kiwiko. Mfupa ukavunjika. Prosper akaanguka kama gunia.

Walipomfikisha hospitali, Mniko alimwambia mkewe ukweli wote. Kesho yake asubuhi wakaenda Butiama, gitaa limefungwa ndani ya blanketi, kwa Bibi Kwangu, mganga, shangazi wa baba yake Mniko.

Bibi aligusa nyota moja, akarudisha mkono haraka.

"Huyu ni Mwikwabe, ndugu wa babu yangu," akanong'ona. "Nilimwona nikiwa mtoto. Alikuwaga anaua watu kwa mikono mitupu. Alipokufa walimwachia bangili hiyo mkononi, imfunge."

"Tufanyeje, bibi?"

"Nyota uzing'oe wewe mwenyewe. Usiache katikati, hata ukilia."

Mniko akaingiza patasi chini ya nyota ya kwanza. Ilipotoka, ukucha wake mmoja ulitoka nayo. Akapiga yowe, akaendelea, na kila nyota ikaondoka na ukucha wake, Wankyo akiwa amemshika mabega asikimbie. Wakaenda pale Mniko alipoufukia mfupa, Bibi akachinja kondoo juu ya kaburi, wakaufukua, wakazipanga nyota kuuzunguka, wakafukia. Gitaa wakalichoma, likalia kama mtu mpaka likawa majivu.

"Bangili imekatwa vipande," Bibi akasema. "Sijui kama itamshika. Nipelekeni kwa huyo kijana."

Wodini Prosper alikuwa ameketi, ametulia, anakunywa uji. Wankyo akamkumbatia, akalia kwa furaha. Juu ya bega la dada yake, Prosper akamtazama Bibi Kwangu, mtu ambaye hakuwahi kumwona maishani. Akatabasamu. Akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo wote waliolijua walishakufa.

"Wankyo," Bibi akasema kwa sauti ya chini sana, "mwachie. Rudi nyuma polepole. Huyo siyo kaka yako."

Lakini ule mkono uliovunjika, na plasta yake, ulikuwa umeshapanda mgongoni mwa Wankyo, na vidole vilikuwa vinajifunga shingoni mwake.