Mzee wa Kanda ya Pili

Kwenye kanda ya kwanza ya video kigoda kilikuwa kitupu. Laiti Mwanvua angekiacha kitupu vilevile, leo tusingekuwa na la kusimulia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, sabuni imerudi madukani na deki za video zinaingia pamoja na mitumba. Mwanvua, aliyejenga nyumba yake mtaani Mandewa kwa jasho la kuuza vitunguu, alitundika mablanketi madirishani, akaweka televisheni sebuleni, akawa anaonyesha picha za mapigano mchana kutwa. Mlangoni alisimama mwenyewe: "Vua viatu! Hapa si stendi!"

Mteja wake mbishi alikuwa Filipo, fundi baiskeli.

"Dada Mwanvua, umeuziwa makapi. Hii picha niliiona Arusha, pale sokoni stelingi anapiga watu mpaka juu ya mapaa. Kanda yako inaruka."

"Inaruka kama wewe unavyoruka kiingilio."

Watu walicheka, lakini kesho yake nao wakaanza kunung'unika. Mwanvua akaagiza kanda nyingine ya picha ileile. Ilipofika, mapigano ya sokoni yalikuwemo yote, ila picha imejaa chenga tupu.

"Ngumi naziona," alisema Filipo. "Sasa uso wa adui uko wapi?"

Mwanvua akasonya. Alasiri moja, wateja walipoondoka, alifunga sauti ya televisheni, akakaa azilinganishe kanda zote mbili mwenyewe, atoe hii atie ile, apate neno la kumfunga Filipo mdomo.

Kanda ya kwanza: watu wanakimbia sokoni, na mbele ya duka la vitambaa kuna kigoda kitupu. Kanda ya pili: kigoda kilekile, na juu yake mzee wa kanzu, kawapa watu mgongo. Meza zinapinduka, yeye hatikisiki.

Akairudisha nyuma. Mzee kageuka upande.

Akairudisha tena, na sebuleni kukaanza kunuka utambi uliozimwa, ilhali nyumba nzima haikuwa na taa ya mafuta, na mzee sasa kamwelekea uso mzima, chenga hazimgusi, anamtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyesahau adabu, na Mwanvua, aliyelelewa kijijini Iguguno kwa fimbo ya bibi yake iliyomfunza kwamba mkubwa hapitwi kimya, ulimi ukamtangulia kabla ya akili:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilitoka kwenye benchi la wateja, nyuma ya mgongo wake. Kwenye televisheni kigoda kilikuwa kitupu.

Tangu siku hiyo benchi lile likawa linakohoa. Wateja wakalikwepa, wakabanana mbele kama mbuzi wakati wa mvua. Filipo, kwa ubishi wake, akaenda kulikalia. Akaruka.

"Dada," alinong'ona, jasho linamtiririka, "nimekalia magoti ya mtu."

Kesho yake hakuja mteja hata mmoja.

Mwanvua akamwita mganga, Mzee Nasri. Mganga akatandika mkeka wake, akawasha ubani. Ukazimika. Akawasha tena, ukazimika kama uliopulizwa.

"Nani alianza kuamkia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Naye akapokea?"

"Alipokea."

Mzee Nasri akaanza kukunja mkeka. "Anayevamia namtoa, mwanangu. Huyu umempa ukubwa kwa mdomo wako mwenyewe. Mkubwa wa nyumba namtoaje?"

"Mkubwa wa nyumba ni mimi! Tofali hizi nimezibeba kichwani!"

"Sema polepole. Anasikia."

Mganga alipotokomea, Mwanvua alinyakua kanda zote mbili, akazichoma nyuma ya choo, anazichochea kwa kijiti huku akimlaani Filipo, deki, na siku aliyoiona televisheni. Zilipokwisha kuyeyuka akarudi mlangoni.

Umekomewa kwa ndani.

Akagonga. Akatukana. Akaupiga teke mpaka kidole cha mguu kikavuja damu, akalia kwa hasira, funguo mkononi hazina kazi, na upepo wa jioni ukampenya kanga mpaka kwenye mifupa, majirani wakifunga madirisha yao moja baada ya jingine, mpaka nguvu zikamwishia, na kwa sauti ndogo, sauti ya mgeni, akasema:

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," ikajibiwa kutoka sebuleni. "Vua viatu."