Kikombe cha Desmond

Nani amekuambia kila mjane hulia? Rafiki yangu Maureen hakulia hata mumewe, Desmond, alipokutwa amekufa katika stoo ya bia, chini ya baa kongwe ya Holborn, London.

Wiki ya tatu alikwenda, mchana, kuchukua kikombe cha bati ambacho Desmond alikuwa akinywea pale. Clive, mwenye baa, alipokuwa akikishusha ukutani, sakafu ikagongwa kutoka chini, mara tatu, polepole.

"Mabomba hayo, shemeji. Nyumba ya miaka mia tatu lazima ikohoe."

"Inakohoa kwa kuhesabu? Nani yuko stoo?"

"Hakuna mtu. Nimeifunga tangu mazishi."

Ikagongwa tena, mara tatu. Clive akakaa.

"Hata siku ile aligonga hivi hivi," akasema. "Nilidhani ni utani wake, nikaongeza sauti ya redio."