Kaka Alimvalisha Mtu Mwingine Kanzu ya Mdogo Wangu

Nina miaka arobaini na tatu. Ni mjane, watoto wangu wawili wameshaanza kujitegemea, nami nauza vitunguu sokoni Singida mjini. Naishi Unyambwa, katika nyumba tuliyoachiwa na wazazi wetu. Nimeshauriwa nisiandike mpaka hasira zipoe. Nimesubiri, hazijapoa... Kwa hiyo wasomaji wenzangu, nivumilieni hivi hivi nilivyo.

Tulizaliwa watatu. Kaka Rajabu ndiye mkubwa, ana duka la mafuta ya alizeti na ni mtu wa kuheshimika mjini. Mimi ni wa katikati. Kitindamimba ni Shabani.

Shabani aliugua akiwa kidato cha nne. Kwanza alikosa usingizi, kisha akaanza kujibizana na watu ambao sisi hatuwaoni. Alisema wanamtukana. Alisema chakula cha mama kina sumu. Siku moja alitoka uchi mpaka barabarani, na watu wazima wenye akili zao wakasimama kucheka. Nawakumbuka kwa sura, mmoja mmoja.

Tulizunguka naye kwa waganga mpaka tukachoka. Akachanjwa, akafukizwa, kondoo wakachinjwa... wapi! Huyu anasema karogwa, yule anasema ana majini, mwingine anasema kavuta bangi. Shabani hajawahi kuvuta hata sigara.

Mwishowe tukampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, nje ya mkoa. Huko tukaambiwa kwamba huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa, na dawa yake haiachwi hata mgonjwa akionekana mzima. Akapangiwa sindano ya kila mwezi. Tangu hapo nikaijua siku ya sindano kama ninavyoijua Ijumaa.

Wazazi walipofariki, kaka alisema hawezi kukaa na Shabani kwa sababu mke wake anaogopa. Sikubishana naye. Nilimchukua mdogo wangu, tukaishi.

Na tuliishi vizuri, nataka mlijue hilo. Shabani alikuwa akichambua vitunguu, akishona magunia, akimbebea mteja mzigo mpaka kwenye bajaji. Ukimwona usingejua. Zile sauti hazikuisha kabisa, lakini alikuwa ameshazizoea, anazitania. Asubuhi nikimuuliza kaamkaje ananiambia, "Salama dada, leo wapangaji wangu hawajagombana." Tunacheka, tunakunywa chai, tunakwenda sokoni.

Sasa sikilizeni yaliyotukuta.

Binti mkubwa wa kaka, Nasra, alipata mchumba anayeitwa Faridi, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa pale pale mjini. Kila mmoja alifurahi. Lakini nyote mnajua kwamba kabla ya kuoa watu huuliza ukoo. Kuna kifafa huko? Kuna vichaa? Kaka akaanza kukosa raha. Kila akija kwangu anamtazama Shabani kama anatazama moto karibu na nyasi.

Alikuja akaniambia anamhitaji Shabani shambani kwake Mgori wakati wa mavuno ya alizeti. Huko shamba linasimamiwa na binamu yetu Hamisi na mkewe, mama Zuwena. Nikamwambia, "Kaka, na sindano je?"

Akasema, "Hadija, kwani mimi si ndugu yake? Kabla ya siku ya sindano nitakuwa nimemrudisha."

Siku ya sindano ikafika, Shabani hayupo. Nikampigia kaka. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, amechomwa sindano huko huko, tena anapendeza, amenenepa, amekataa mwenyewe kurudi kwa sababu amependa shamba. Nikasema alhamdulillahi. Mnaniuliza kwa nini niliamini? Ni kaka yangu mkubwa, baba hayupo, yeye ndiye baba! Nisipomwamini yeye nimwamini nani?

Nikimwomba kaka niongee na Shabani, mara mtandao unasumbua, mara yuko shamba la mbali, mara simu ya Hamisi haina chaji. Mwezi mwingine nao ukapita. Kaka akasema Shabani ataletwa siku ya harusi, akiwa msafi, akae na wanaume wenzake. Nikaendelea na maandalizi.

Jambo moja muhimu. Katika mahari, watu wa Faridi walileta na vitu vya wazee kama ilivyo desturi. Blanketi la bibi, kilemba cha mjomba, na kanzu ya baba mdogo. Nasra ana baba mdogo mmoja tu duniani, naye ni Shabani. Ile kanzu niliiona kwa macho yangu, nyeupe, ina darizi kifuani. Nikaenda kumnunulia kofia ya kufanana nayo.

Harusi ilikuwa nyumbani kwa kaka. Mimi nilikuwa uani na wapishi, nasimamia pilau, moshi umenijaa machoni. Kila gari likiingia nachungulia kama ndiye Shabani. Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa, yeye bado. Nikajipa moyo kwamba labda wamechelewa njiani.

Kisha nikasikia kwenye spika mshereheshaji anatambulisha wazee wa bibi harusi. Baba, mjomba... halafu akasema, "Na huyu hapa ndiye baba yake mdogo, simama mzee wetu wakuone."

Moyo wangu ukafurahi. Nikakimbia na mwiko wangu mkononi nikamwone mdogo wangu. Nilipofika mbele ya turubai nikamwona mtu amesimama, amevaa ile kanzu, anapunga mkono.

Hakuwa Shabani. Alikuwa dalali mmoja wa alizeti kutoka Manyoni, rafiki wa kaka wa dukani. Mtu mnene, kanzu imemkaba tumboni na inaburuza miguuni. Kaka yangu alikuwa ametafuta mtu wa kuazima, akamfanya ndugu yake wa damu!

Sijui nielezeje nilivyojisikia. Mwiko ukanidondoka. Nikaenda moja kwa moja mpaka mezani kwao, nikauliza, "Huyu ni baba mdogo wa nani?"

Kaka akaniambia kwa sauti ya chini, "Hadija, rudi jikoni. Usiniaibishe."

"Nakuuliza, Shabani yuko wapi?"

"Yuko safarini Kahama. Tutaongea."

Kahama! Siku zote naambiwa Mgori, leo mbele ya wakwe naambiwa Kahama. Hapo ndipo mama yake Faridi alipoinuka kwenye kiti chake. Ni mama mtu mzima, mpole, na ni mteja wangu wa miaka mingi pale sokoni. Nilidhani anakuja kunituliza. Akamgeukia kaka na kumwambia, "Baba Nasra, ile kanzu mimi mwenyewe nilimwambia fundi akate ya mtu mrefu mwembamba. Nilimkatia Shabani. Huyu bwana ni nani?"

Kaka akamwashiria yule dalali akae.

Mama yule akaendelea. "Mlidhani hatumjui? Shabani amenibebea vitunguu miaka mingapi? Tunajua anaumwa na tunajua anatibiwa. Tulipouliza ukoo, hilo ndilo la kwanza tuliloambiwa. Tukasema nyumba inayomtunza mgonjwa wake namna ile, binti yake atatufaa. Kumbe nyumba yenyewe ni hii?"

Wasomaji wenzangu, mmeelewa? Walijua tangu mwanzo! Hakukuwa na siri ya kuficha. Mdogo wangu aliondolewa kwangu bure kabisa, kwa sababu ya kiburi cha mtu mmoja na jina lake la dukani.

Nikaichukua simu ya kaka iliyokuwa mezani, nikapiga Mgori pale pale mbele za watu. Akapokea mama Zuwena. Nikamuuliza hali ya Shabani, akaanza kulia. Akasema, "Dada, kwani kaka hakukwambia? Shabani alishabadilika siku nyingi. Hali chakula, halali usingizi, anapiga kelele. Tukampigia kaka, akasema tumfunge ghalani mpaka harusi ipite."

Nikamuuliza, "Na sindano?"

Akasema, "Sindano gani, dada?"

Nilimtazama kaka yangu. Niliyomwambia hayafai kuandikwa, na siyajutii hata moja. Nasra alikuwa ameshasimama na shela lake, analia, anamuuliza baba yake kama ni kweli. Kaka aliangalia sahani yake. Yule dalali alishaondoka, hata hatukumwona alipopitia.

Magari yote ya sherehe yalikuwa yamechukuliwa na wageni, basi Faridi akanipa gari la maharusi lenyewe. Nikaenda Mgori na gari lenye maua na riboni, mimi na mama yake. Njiani watu wakatupigia vigelegele. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza.

Tulimkuta ghalani kati ya magunia ya alizeti, amefungwa mikono kwa kamba ya katani kwenye nguzo. Kamba ilikuwa imeingia kwenye nyama, vidonda vimeoza, inzi wamejaa. Alikuwa amekonda mpaka nikamtambua kwa meno tu. Harufu ya pale ndani sitaisahau.

Nikamwita, "Shabani, ni mimi, dada yako."

Akanitazama kwa woga, akasema kwa kunong'ona, "Nimenyamaza, dada. Nimenyamaza kabisa, wageni wa Nasra hawajanisikia."

Nililia kama nilivyolia siku ya msiba wa mama. Mama yake Faridi akavua kitenge chake cha harusi akamfunika, akaanza kufungua zile kamba kwa meno yake mwenyewe. Mtu baki! Ndugu wa tumbo moja yuko mjini anakula pilau.

Hamisi akajitetea kwamba alikuwa anatii amri ya kaka. Nikamwambia mbuzi wake pale nje alikuwa amefungwa kamba ndefu kuliko binadamu mwenzake.

Shabani alilazwa upya. Kwanza kwa ajili ya vidonda, kisha akarudishwa kule kule tulikoanzia zamani. Daktari alitueleza kwamba dawa ikikatishwa ghafla, ugonjwa hurudi kwa nguvu, na safari hii huenda asirudi vile alivyokuwa. Miaka yote niliyomlea ikawa kama haijawahi kuwapo. Alinisahau, akanikumbuka, akaniogopa, akanizoea tena polepole...

Sasa yuko nyumbani. Sindano anachomwa, vidonda vimepona, makovu yamebaki kwenye vifundo vya mikono. Magunia anashona kidogo kidogo. Lakini kuna kitu kimoja dawa haijakigusa. Mtu akibisha hodi tu, hata awe jirani, hata awe mtoto wa kuomba chumvi, Shabani anaacha anachofanya, anaingia chumbani na kufunga mlango. Hakuna aliyemtuma. Sikuwahi kumfundisha hilo hata siku moja maishani mwangu.

Majuzi kaka alikuja na wazee wawili na shehe wa mtaani kutaka suluhu. Walipobisha hodi, Shabani akakimbilia chumbani kama kawaida. Nikawakaribisha, nikawapa shikamoo zao na viti. Shehe akazungumza vizuri kuhusu kusamehe, na udugu, na akhera. Kaka akalia mbele yao akasema aliogopa binti yake asiachwe, akasema ni shetani.

Nikamwambia, "Kaka, shetani usimsingizie. Na msamaha wangu mimi hauna kazi. Uliyemkosea yuko nyuma ya ule mlango, nenda kamwombe yeye."

Akainuka, akasimama mlangoni, akagonga. Akasema, "Shabani, ni mimi kaka yako. Nisamehe, mdogo wangu."

Tukasikia sauti ya Shabani kutoka ndani, ya chini kabisa, akiuliza, "Kaka, wageni wameshaondoka?"

Kaka alikaa chini pale pale mlangoni. Wazee wakainamisha vichwa.

Wewe unayesoma haya, kama una mgonjwa wa akili ndani ya nyumba yako, nakuomba kwa jina la mama aliyemzaa, usimfiche. Mpeleke hospitali, msimamie dawa zake mwenyewe, usimwachie mtu kwa sababu tu ni ndugu na anaapa vizuri. Wageni wakija, wawe wa posa, wawe wa msiba, mkalishe sebuleni na umtambulishe kwa jina lake. Atakayekimbia, akimbie. Mkwe wa kumpata kwa kumfunga binadamu kamba, wa nini?

Najua wengine mtaniambia nina moyo mgumu. Semeni. Kaka ananipigia simu kila Ijumaa na sipokei. Nimemtumia ujumbe mmoja tu, kwamba siku Shabani atakaposikia hodi akainuka yeye mwenyewe kwenda kufungua mlango, siku hiyo nami nitamfungulia wangu.