Kijikaratasi Kilichosema Uongo

Wewe, ulishawahi kumpenda mtu anayekutukana? Sereana alimpata wake soko la Suva, Fiji, penye magimbi, siku aliyovaa gauni la maua ya buluu.

"Ninyi watu wa Kadavu, hata gimbi mnalibembeleza!" alimcheka kijana aliyekuwa akipapasa fungu.

Vijiji vyao ni watani tangu mababu, kwa hiyo kijana huyo, Apisai, hakununa. "Nahofia lisiwe gumu kama kichwa chako. Nikuoe?"

"Kwa gimbi?"

Wakacheka, wakapeana namba. Tangu hapo simu haikupoa, matusi na mapenzi chungu kimoja.

Kisha mama yake Apisai akalazwa na kidonda. Kijidudu cha humo kilishashinda dawa zote, zikabaki zile kali za akiba ya mwisho. Madaktari wakangoja neno la maabara, na mpimaji ni Sereana.

"Mpenzi," Apisai akauliza kwa simu, "kile kijikaratasi chenye dawa mlichoweka juu ya vijidudu kinasemaje?"

"Kinasema dawa moja ya akiba inaua. Lakini siandiki."

"Huandiki?"

"Dawa ile nzito, Api, haisambai vizuri kwenye jeli ya kuoteshea vijidudu. Kijikaratasi hudanganya, na dawa yenyewe hula figo. Naipima upya ndani ya supu ya maabara. Nipe mpaka kesho."

"Mama anakufa, wewe unapika supu!" Akakata simu.

Asubuhi Sereana aliinua dirishani sahani ya vishimo vyenye supu. Penye dawa ile supu ilikuwa tope tupu, vijidudu vimestawi! Lakini safu ya chini alikuwa ametia dawa nyingine ya akiba, na humo supu iling'aa kama maji ya mvua. Alipiga kigelegele hata wenzake wakaangusha chai, akampigia daktari.

Haikupita wiki, mama akaitisha samaki wa nazi, tena akalalamika chumvi haitoshi.

Jumapili baada ya kanisa Apisai akaja kwao Sereana, sulu yake nyeusi, ile shuka ya kiunoni ya wanaume, imenyooshwa, mama kamshika mkono. Akapiga magoti, akamkabidhi baba mtu jino la nyangumi, kuomba radhi kimila. Baba akalipokea, viganja vikalia po, po kwa heshima.

"Mtu wa Kadavu," Sereana akasema, "ulinikatia simu, ukaleta jino moja?"

"La pili, la posa, limo mkobani mwa mama. Kasema halitoki mpaka uache utani."

Sereana akalishika pindo la gauni.

"Basi nimeacha. Nioe, Api. Tangu siku ya magimbi nilikuwa nataka."